Siku 84, na Nani Aliachwa Nje ya Hesabu

Leo sina stori ya foleni ya kantini wala ya boom kuchelewa. Nimeshinda maktaba siku mbili mfululizo kwa ajili ya semina ya historia. Mada ni sheria za kazi tangu ukoloni, na kikundi chetu kilipogawana vipengele kimoja kikabaki mezani hakina mwenyewe: likizo ya uzazi. Kaka zetu wakasema hiyo ni ya akina dada. Haya, dada nikaibeba, na sasa nina mambo mengi kuliko kurasa nilizopewa, kwa hiyo yaliyozidi nayamwaga hapa.

Namba yenyewe ni 84. Hizo ndizo siku za likizo ya uzazi yenye malipo kwa mwajiriwa wa Tanzania Bara. Mtaani tunasema "miezi mitatu", lakini hebu gawa 84 kwa 7 uone. Ni wiki 12 kamili, na wiki hizo 12 ziliandikwa kwenye karatasi mwaka 1919, huko Washington, kabla bibi yangu hajazaliwa. Watu hubishana kama zinatosha. Mimi nikisoma nimeona kwamba kwa miaka yote hiyo ubishi mzito zaidi ulikuwa ni mwanamke yupi apewe na yupi asipewe.

Lakini nisianzie Washington, maana vitabu vyetu vina tabia ya kuanzia Ulaya kana kwamba huku watu walikuwa wanazaa na kunyanyuka papo hapo. Pwani mzazi anakaa arobaini. Anakandwa na maji ya moto, ananyweshwa uji wa pilipili manga, hagusi kazi nzito mpaka siku zake zitimie. Uchagani ndiyo usiseme, mzazi anakaa ndani miezi mitatu, kazi yake ni kunyonyesha na kula mtori, mume anachinja, mama mkwe anapika. Miezi mitatu! Rafiki yangu wa Marangu nilipomtajia siku 84 alicheka, akasema kwao hizo zilikuwepo tangu enzi na enzi, wala hapakuhitajika Bunge.

Na hapo kuna jambo la kushika. Mapumziko yale yaliwezekana kwa sababu kazi ilikuwa ya familia. Jembe la mzazi lilichukuliwa na wifi, maji yakachotwa na mdogo wake, shamba halikulala. Hakuna aliyemkata mshahara kwa sababu mshahara haukuwepo. Likizo ya uzazi kama tunavyoijua sisi ni mtoto wa ajira. Inaanza pale kazi inapokuwa ya mtu mwingine, ina geti, ina kengele, na usipofika hulipwi.

Ndiyo maana kwa upande wa sheria Ulaya ilitangulia, maana viwanda vilitangulia kule. Uswisi mwaka 1877 iliweka kwenye sheria yake ya viwanda kwamba mwanamke asifanye kazi kwa wiki 8 kwa jumla, kabla na baada ya kujifungua. Ujerumani ikafuata mwaka 1878 na wiki 3 baada ya kujifungua. Uingereza mwaka 1891 ikaweka wiki 4. Ukisoma haraka unaweza kupiga makofi, lakini angalia vizuri: yale yalikuwa makatazo. Mama anaambiwa kaa nyumbani, basi. Malipo hakuna. Wajerumani peke yao ndio walioongeza kitu mwaka 1883, walipoanzisha bima ya afya ya wafanyakazi, mzazi akawa anapata fedha kidogo kwa zile wiki 3. Sheria ya Uingereza ilimbana mwenye kiwanda pale tu anapomruhusu mzazi kufanya kazi huku akijua. Sasa fikiria mama ana kichanga cha wiki mbili, mlo wa nyumba unategemea mashine yake ya kusokota nyuzi, na mwajiri hana haja ya kuuliza tarehe. Atasema nini huyo kama si kudanganya?

Twende 1919. Vita Kuu ya kwanza imekwisha, Shirika la Kazi Duniani limeundwa, na mkutano wake wa kwanza unafanyika Washington kuanzia Oktoba 29. Kanuni za shirika zilisema mambo yanayohusu wanawake yakijadiliwa, angalau mshauri mmoja awe mwanamke. Mshauri, siyo mjumbe. Waliopiga kura walikuwa wanaume. Akina mama hawakukaa kusubiri. Siku moja kabla, Oktoba 28, walifungua mkutano wao wenyewe mjini humohumo, Kongamano la Kimataifa la Wanawake Wafanyakazi, wakiwemo Mary Macarthur na Margaret Bondfield wa vyama vya wafanyakazi vya Uingereza, Rose Schneiderman wa Marekani na Jeanne Bouvier wa Ufaransa. Wakajadili uzazi na malipo yake, wengine wao wakaingia kule kwenye mkutano mkubwa kama washauri.

Kilichotoka ni Mkataba Namba 3 wa Novemba 1919. Ruhusa ya kuacha kazi wiki 6 kabla ya kujifungua, marufuku ya kufanya kazi wiki 6 baada yake, hizo ndizo 12. Malipo ya kumtosha mama na mtoto kuishi kwa afya, yatoke kwenye fedha za umma au bima. Daktari au mkunga bure. Kufukuzwa kazi katika kipindi hicho marufuku. Nusu saa mara mbili kwa siku ya kunyonyesha. Mimi kila kipengele nilikuwa nakisoma nasema sawa, sawa, mpaka nilipofika kwenye maana ya neno "mwanamke". Mkataba unasema ni mtu yeyote wa jinsia ya kike, wa umri wowote, wa taifa lolote, awe ameolewa au hajaolewa. Mwaka 1919 hiyo! Nikaisoma mara mbili.

Sasa mbona haikutufikia? Mkataba ulikuwa na kipengele cha makoloni. Nchi ikiridhia itautumia pia kwenye makoloni yake, isipokuwa pale ambapo mazingira ya huko hayaruhusu. Tayari hapo kuna mlango wa kutokea. Lakini kwa Tanganyika hata mlango huo haukuhitajika, kwa sababu Uingereza iliyokuja kukabidhiwa nchi yetu baada ya vita haikuridhia mkataba wenyewe.

Na kusema kweli mfanyakazi aliyekuwa kichwani mwa mkoloni alikuwa mwanaume. Manamba wa mkonge aliondoka kwao Kigoma au Songea peke yake, akapewa kipande cha siku 30, akalipwa mshahara wa kulisha tumbo moja. Mke na watoto walihesabiwa kuwa wamebaki kijijini wanajilimia. Yaani gharama ya kuzaa na kulea kizazi kijacho cha wafanyakazi ilibebwa na shamba la mama kijijini, wala siyo na mwenye mkonge. Wanawake walikuwepo kwenye kuchuma kahawa, chai na pareto, ila kwa vibarua, na kibarua asipotokea nafasi yake inachukuliwa na mwingine asubuhi hiyohiyo. Wachache waliopita shule za misheni wakawa wauguzi na walimu ndio walioanza kuifanya serikali ifikirie habari ya mwajiriwa mwenye mimba.

Tukapata uhuru, sheria ya ajira ya kikoloni, ile Sura ya 366 ya mwaka 1955, tukaendelea nayo ikirekebishwa viraka viraka. Na hapa ndipo penye kiraka ninachokitaka mimi. Mwanzoni malipo ya likizo ya uzazi yalikuwa ni ya wake za watu. Muuguzi mwenye cheti cha ndoa akijifungua analipwa. Mwenzake wa wodi hiyohiyo, zamu hiyohiyo, mshahara huohuo, asiye na cheti, hapati. Maumivu ni yaleyale na mtoto ni yuleyule wa Tanganyika. UWT, umoja wa wanawake ulioanzishwa mwaka 1962, wa kwanza kuuongoza akiwa Bibi Titi Mohamed na baadaye Sofia Kawawa, uliipigania hoja hiyo. Mwaka 1975 sheria ikarekebishwa, siku 84 zenye malipo, mara moja kila miaka mitatu, kwa mwajiriwa mwanamke bila kujali ameolewa au la. Toka 1919 hadi 1975 hesabu mwenyewe.

Hoja ya waliopinga hamtashangaa kuisikia, maana iko hai mpaka leo kwenye korido za hosteli: ukimlipa asiyeolewa unahamasisha uhuni. Mimi huwa najiuliza ni msichana gani huyo anayebeba mimba miezi tisa kwa kufuata siku 84. Hata hivyo hoja ina nguvu, ikisemwa kwa sauti ya kanisani au msikitini inanyamazisha chumba. Ndiyo maana naona kilichofanyika 1975 si kidogo. Nyumbani kila mtu aliendelea kuamini anachoamini juu ya ndoa, ila serikali ikaacha kuitumia ndoa kama kigezo cha kulipa mshahara.

Tazameni na kalenda. Novemba 1974 ni Azimio la Musoma, nchi inataka kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977. Walimu wangetoka wapi? Wengi wangekuwa vijana, na wasichana humo ndani ni wengi. Sidai kwamba jambo moja lilizaa jingine, nasema tu kwamba nchi iliyokuwa inawahitaji mabinti mbele ya ubao isingeweza kuwalipa nusu nusu kwa muda mrefu.

Halafu kuna hili la Uingereza ambalo nimelipenda kwa uchokozi. Waliotutawala na kutuandikia sheria, wao wenyewe walikuja kuweka kwenye sheria ya ajira haki ya jumla ya likizo ya uzazi yenye malipo na ya kurudi kazini baada ya kuzaa mwaka gani? 1975. Mwaka uleule! Na ya kwao ilidai mama awe ametumikia mwajiri miaka miwili, na malipo yalikuwa ya wiki 6. Kwenye semina nitaisema hiyo polepole ili mhadhiri aisikie.

Kwa sababu sisi ni watu wa ualimu lazima niwape na kesi ya Jo Carol LaFleur. Huyu alikuwa mwalimu wa shule ya kati mjini Cleveland, Marekani. Bodi ya shule ilikuwa na kanuni ya tangu 1952 kwamba mwalimu mwenye mimba aondoke darasani miezi mitano kabla ya kujifungua, bila malipo, na asirudi mpaka muhula utakaoanza baada ya mtoto kufikisha miezi mitatu. Yaani mimba ya miezi minne tu, mwalimu mzima wa afya, nenda nyumbani. Sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa aibu, eti wanafunzi watamchekelea mwalimu wakiona tumbo. LaFleur akaondolewa mwaka 1971 akiwa anataka kumaliza mwaka na darasa lake. Akaenda mahakamani, na Januari 1974 Mahakama Kuu ya Marekani kwa majaji 7 dhidi ya 2 ikasema kanuni ile haifai, huwezi kuamua kwa mkupuo kwamba kila mwenye mimba ya miezi minne hawezi kufundisha. Lakini malipo hakupewa mtu. Mpaka sheria yao ya taifa ya mwaka 1993 inatoa wiki 12 (wiki 12 tena!) bila mshahara, na ni kwa sehemu za kazi zenye wafanyakazi 50 au zaidi.

Lile suala la tumbo kuonekana darasani huku kwetu tulilimalizia kwa wanafunzi. Mwalimu asiyeolewa alishapata haki yake 1975, lakini mwanafunzi wake akipata mimba alifukuzwa. Kanuni za mwaka 2002 zilitoa nafasi ya kumfukuza kwa kosa la maadili, mwaka 2017 Rais Magufuli akasema hadharani kwamba hakuna aliyezaa atakayerudi, na ni Novemba 2021 ndipo Waziri Joyce Ndalichako alipotangaza kwamba waliokatishwa masomo kwa ujauzito waruhusiwe kurudi kwenye shule za serikali. Kwa hiyo katika chumba kimoja cha darasa kulikuwa na mimba mbili zenye sheria mbili, na tofauti yake ilikuwa tu nani kashika chaki.

Turudi kazini. Sheria tunayoitumia sasa ni ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Jamani isomeni, tena nyie mnaomaliza mwaka huu. Siku 84 ndani ya mzunguko wa miezi 36, au siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Unatoa taarifa miezi mitatu kabla, na cheti cha daktari. Unaweza kuanza wiki 4 kabla ya tarehe ya matarajio. Ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua hurudi kazini mpaka daktari athibitishe. Ukirudi unaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mwajiri halazimiki kukulipa zaidi ya likizo nne kwa jumla. Baba naye akapewa siku 3, zitumike ndani ya wiki moja baada ya mtoto kuzaliwa, ambazo kama mama kafanyiwa upasuaji zinaweza kuisha kabla hajatoka wodini.

Kipengele kimoja kilinifanya niweke kalamu chini. Mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja tangu azaliwe, mama anapata siku nyingine 84 zenye malipo, hata kama ule mzunguko wa miezi 36 haujaisha. Kuna mtu alikaa mezani akamfikiria mama huyo. Vivyo hivyo marekebisho ya mwaka 2025 kuhusu njiti. Zamani mama wa njiti siku zake 84 zilikuwa zinaliwa na hospitali, mtoto yuko kwenye mashine au kifuani kwa mama, likizo inakimbia, na siku anaporuhusiwa kwenda nyumbani mama anatakiwa ofisini. Sasa kile kipindi cha kungoja mtoto atimize wiki za kawaida za mimba hakihesabiwi ndani ya zile 84.

Ila swali la nani analipa bado linanisumbua. Mkataba wa 1919 ulisema fedha za umma au bima. Ule ulioufuata, wa mwaka 1952, ukakaza kabisa: mwajiri mmoja mmoja asibebeshwe mzigo. Sababu iko wazi. Kama mzigo ni wa mwenye duka peke yake, akiona mbele yake binti na kijana wenye vyeti sawa, atapiga hesabu. Kwetu sheria ya 2004 ilimuweka mwajiri, na NSSF nayo ina mafao ya uzazi kwa wanachama wake waliochangia. Rwanda walipita kwenye tope hili wazi wazi. Sheria yao ya kazi ya mwaka 2009 ilimlipa mama wiki 6 za kwanza, na 6 za mwisho akabaki na asilimia 20 ya mshahara, kwa hiyo wengi wakawa wanarudi kazini na kichanga cha wiki sita. Mwaka 2016 wakatunga sheria ya mfuko, mwajiri anachangia asilimia 0.3 na mfanyakazi asilimia 0.3, wanaume kwa wanawake, na mfuko ndio unaobeba zile wiki za mwisho. Mchango mdogo mno, na hakuna mwajiri anayekwepa mimba kwa sababu anachangia awe ameajiri wanawake au la.

Kwa mwalimu wa serikali mshahara hauna shida, shida ni kipindi. Kwenye TP mwaka jana, shule siitaji, nilipofika mwalimu wa taaluma alinikabidhi mikondo mitatu ya historia kidato cha pili siku hiyohiyo, chaki mkononi, kabla hata sijaonyeshwa choo kilipo. Mwenye vipindi alikuwa likizo ya uzazi wiki ya tano. Kabla sijafika mikondo ile haikuwa na mtu. Wenzake walikuwa wanaingia kwa huruma, mmoja akaniambia, "Mwanangu, sisi hapa ndio tunaozaa naye." Alisema kwa utani lakini alikuwa amechoka kweli, ana vipindi 28 vyake. Mimi silipwi, nalipiwa posho ya mafunzo, na baada ya wiki zangu kuisha nikaondoka yeye akiwa hajarudi. Hakuna mahali popote kwenye sheria yenye siku 84 panaposema nani atasimama mbele ya wale watoto 180. Na lawama zote alikuwa anatupiwa yeye, ofisini na kwenye kikao cha wazazi, kana kwamba kazaa kwa kuikomoa shule.

Alinipigia simu mara moja kuniuliza tumefika wapi na silabasi. Nikamuuliza atarudije na mtoto mdogo vile, maana nyumbani kwake ni daladala mbili, zile saa mbili za kunyonyesha zote zingeishia barabarani. Akasema ameshapata binti wa kumsaidia, katoka Singida, ana miaka 18, anamudu watoto.

Ndipo nikakaa nikawaza juu ya huyo binti. Mwalimu anaweza kusimama tena darasani siku ya 85 kwa sababu binti yupo. Na kwa sheria hiyohiyo ya 2004 binti naye ni mwajiriwa. Akifikisha miezi sita kazini ana siku zake 84, malipo kamili, ameolewa au hajaolewa, na saa mbili za kunyonyesha. Mnaoishi kwenye nyumba zenye dada wa kazi mnajua anachopewa akibainika ana mimba. Nauli ya basi, na begi lake mlangoni.